Noti ya Thao Ilivyomponyoka Nyanya: Kwa Nini Hatupendi Kubadilisha Pesa?

Nyanya yangu anaishi Kakuma. Mwaka 2019 nilikuja likizo nikampata na noti sita za thao kwenye mkebe wa majani chai. Zilikuwa za mbuzi wawili aliouza. Nikamwambia, "Nyanya, hizi zinaisha Septemba. Tuziweke kwa simu." Akacheka. "Picha ya Mzee Jomo iko hapa. Nani atazikataa?"

Je, wewe pia una mtu kama huyu nyumbani?

Tukumbushane kidogo. Katiba ya 2010, kifungu cha 231, inasema noti na sarafu zetu zisiwe na picha ya mtu. Tarehe 1 Juni 2019, siku ya Madaraka, gavana wa Benki Kuu Patrick Njoroge alizindua noti mpya kule Narok. Noti za zamani za 1,000 zikapewa hadi 30 Septemba. Benki Kuu ilitaka kuwabana wenye pesa haramu na noti bandia. Wengine walienda hadi kortini kuzipinga noti mpya, wakashindwa.

Muda ulipoisha, noti kama milioni 7.4 hazikuwa zimerudishwa. Hizo ni shilingi bilioni 7.4, na sita kati yake zilikuwa za nyanya.

Usimcheke. Hata Wamarekani wako hivyo. Serikali yao ilitoa sarafu ya dola moja mwaka 1979, ikajaribu tena 2000, lakini watu wakabaki na noti yao ya karatasi. Mbona? Kwa sababu noti haikuondolewa. Kama ya zamani bado inanunua mkate, nani atahangaika na mpya? Sisi tuliwekewa tarehe ya mwisho, ndio maana tulibadilika kwa miezi minne tu.

Kushikilia ya zamani si ujinga. Pesa ni imani. Huku Turkana mali ni mifugo, na mbuzi hana tarehe ya mwisho. Lakini imani pia huhama polepole. Mwaka 2015 wakimbizi hapa Kakuma walianza kupokea sehemu ya msaada wa chakula kupitia simu, kwa mpango wa Bamba Chakula. Leo kutoka Kakuma hadi Lodwar, kununua kitu kwa simu si ajabu tena.

Kwa hivyo, shika haya:

1. Noti ya zamani ya 1,000 haina thamani tena. Anayekuambia atakubadilishia kwa ada kidogo ni tapeli.
2. Noti za zamani za 50, 100, 200 na 500 hazikufutwa. Usikubali mtu akununulie kwa bei ya chini.
3. Noti zilizotolewa kuanzia Agosti 2024 zina saini mpya na uzi mpya wa usalama. Ulizo nazo bado ni halali.
4. Pesa iliyo kwa simu haijali noti imebadilika. Ila PIN ni yako peke yako, usimpe hata wakala.

Nyanya bado ana ule mkebe, na noti sita bado zimo. Lakini akiuza mbuzi siku hizi, kitu cha kwanza anauliza mnunuzi ni: "Utatuma kwa simu?"

Leo jioni, muulize mzee wako anaweka pesa wapi.