Kumbukumbu Katika Kazi Zetu za Kila Siku

Leo twataka kuzungumza juu ya kumbukumbu, kipawa tunachokitumia tangu kuamka mpaka kulala, wala ni nadra tukishukuru.

Wengi wetu hudhani kwamba kumbukumbu ni sanduku la kuwekea mambo ya kale. Lakini ndiyo hiyo hiyo tunayoitumia kupanga yajayo. Mama anayekwenda sokoni kesho hukumbuka bei ya juma lililopita, matatu iliyochelewa, na mvua iliyoharibu nyanya. Ndipo aamuapo kuondoka alfajiri. Mwaka 2007 watafiti wa London walionyesha kwamba wagonjwa walioumia sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya hushindwa pia kuwazia vizuri tukio ambalo halijatokea. Aliyepotewa na jana hupungukiwa na kesho.

Tena kumbukumbu si ya namna moja. Tuziangalie namna tatu.

Ya kwanza hushika jambo kwa muda mfupi. Mtume mtoto dukani akalete sukari, chumvi, sabuni, kibiriti, majani ya chai na mafuta ya taa. Njiani awakuta wenzake wakicheza mpira, na afikapo dukani, chumvi na kibiriti vimemtoka. Huyo si mkaidi. Kumbukumbu hii ina nafasi chache, na jambo jipya likiingia, lingine hutoka. Basi kabla ya kushika fimbo, afadhali tumwandikie kikaratasi.

Ya pili hutukumbusha jambo la kufanywa baadaye, kama kumeza dawa usiku. Hii ni ngumu, kwa kuwa hakuna anayetuuliza. Yatupasa kujiuliza wenyewe huku mikono imo kazini. Njia njema ni kulifunga jambo hilo pamoja na lingine tusilolikosa. Badala ya kusema, "Nitameza dawa jioni," tuseme, "Nikimaliza kula, kabla sijaondoa sahani, nitameza dawa." Uchunguzi mwingi umeonyesha kwamba mpango wa namna hii hutimizwa zaidi kuliko nia tupu. Wana wa Israeli walipovuka Yordani walisimamisha mawe 12 huko Gilgali, ili watoto wayaone na kuuliza. Hawakutegemea vichwa vyao peke yake. Nasi tusione haya kutumia kalenda ya ukutani, daftari, au kengele ya simu.

Ya tatu ni kumbukumbu ya mikono. Mtu asongaye ugali au asukaye kiondo hafikiri kila hatua. Mikono yenyewe yajua. Mwaka 1953, huko Hartford, Marekani, Henry Molaison, mwenye umri wa miaka 27, alipasuliwa ubongo ili apone kifafa. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo hakuweza kuweka mambo mapya moyoni. Aliyezungumza naye akitoka chumbani na kurudi, alikuwa mgeni tena. Hata hivyo mtaalamu Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake katika kioo tu. Siku kwa siku akachora vizuri zaidi, ingawa hakukumbuka kwamba amepata kuifanya kazi ile. Mkono ulikumbuka yale ambayo yeye mwenyewe hakuyajua.

Kwa nini twayasema haya? Kwa sababu wamo wazee majumbani mwetu wanaosahau. Ugonjwa kama ule wa Alzheimer hushika mapema kumbukumbu ya mambo mapya, lakini ile ya mikono mara nyingi hukawia kuondoka. Bibi asiyekumbuka kwamba amekunywa chai aweza bado kuchambua maharagwe. Basi tumpe kazi aiwezayo, vitu vyake vikae mahali pamoja siku zote, na jikoni asiachwe peke yake na moto.

Lakini kuna jambo zito zaidi. Huko Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Mzee atangatangaye usiku, au ajikutaye uani kwa jirani asijue amefikaje, huenda ni mgonjwa. Mpelekeni hospitali, kwa maana sababu nyingine za kusahau, kama upungufu wa vitamini fulani, zina tiba. Na hata pasipo tiba, amri ya kuwaheshimu baba na mama haikuwekewa sharti kwamba wakumbuke majina yetu.

Waliwahi kutukumbukia chakula, mavazi na karo, tulipokuwa hatuwezi kujikumbukia lolote. Sasa ni zamu yetu kukumbuka kwa ajili yao.