Kanieneo na Fuwele: Nitridi za Metali Zinapobanwa

Sisi walimu wa Kiswahili hapa Wandegeya tumezoea neno shinikizo: shinikizo la damu, shinikizo la kisiasa. Katika sayansi lipo pia neno kanieneo, lililoundwa kwa kuunganisha kani na eneo. Katika makala hii tunaeleza, kwa mfano wa nitridi za metali, kwa nini mwalimu na mfasiri wasilipuuze neno hilo.

Nitridi ya metali ni kampaundi ya metali na naitrojeni, gesi ambayo ni takribani asilimia 78 ya hewa. Mojawapo ni nitridi ya galiamu, ambayo ni msingi wa taa nyeupe za LED zinazouzwa madukani. Atomi zake zimejipanga kwa utaratibu unaojirudia kila upande. Kitu kigumu chenye mpangilio wa namna hiyo huitwa fuwele. Katika hali ya kawaida, kila atomi ya galiamu imezungukwa na atomi 4 za naitrojeni.

Je, fuwele hiyo ikibanwa sana, nini hutokea? Fikiria teksi ya Wandegeya ambayo konda anaendelea kuijaza. Abiria waliokwishakaa ni wale wale, lakini wanalazimika kukaa upya, na kila mmoja anagusana na wenzake wengi zaidi. Vivyo hivyo, kanieneo ikifikia takribani mara 500,000 ya ile ya hewa, atomi za nitridi ya galiamu hujipanga upya kama zile za chumvi ya mezani: kila moja huwa na majirani 6 badala ya 4. Fomula haibadiliki, kinachobadilika ni mpangilio.

Kanieneo kubwa hivyo hupatikanaje? Wanasayansi huweka chembe ndogo ya nitridi kati ya ncha za almasi mbili, kisha huzikaza. Kwa kuwa almasi hupitisha eksirei, mpangilio wa atomi huweza kuchunguzwa wakati chembe ingali imebanwa. Kifaa hicho kilibuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950. Siri yake ni ile ile ya kisigino chembamba kinachozama katika udongo wenye unyevu huku kiatu bapa kikipita salama: kani ileile ikiangukia eneo dogo, kanieneo huongezeka.

Kanieneo ikiondolewa, nitridi ya galiamu hurudia mpangilio wake wa awali. Nitridi ya alumini, kinyume chake, inaweza kubaki katika mpangilio mpya. Aidha, kanieneo huweza kuunda kampaundi ambazo hazikuwapo. Platini haiungani na naitrojeni katika hali ya kawaida, lakini mwaka 2004 ilitangazwa kwamba nitridi yake imepatikana kwa kanieneo na joto kali.

Sasa tazama tafsiri. Mfasiri akiandika kwamba fuwele imebadilishwa na "nguvu kubwa", msomaji atafikiri inahitajika mashine kubwa kama nyumba, ilhali kifaa chenyewe hushikika mkononi. Akiandika kanieneo, maelezo yamo ndani ya neno: kani, na eneo inapoangukia. Tunawashauri walimu wenzetu walivunje neno hili ubaoni mbele ya wanafunzi kabla ya kulitolea fasili.