Usimwache mtoto ndani ya gari, hata kwa dakika chache

Kila mzazi anayesikia kwamba mtoto amefia ndani ya gari lililoegeshwa juani hujiambia, "Mimi siwezi kumsahau mwanangu." Lakini msiba huu huwafika hata wazazi makini na wenye upendo. Nchini Marekani, ambako vifo hivi vimehesabiwa tangu 1998, watoto zaidi ya 35 hufa kwa wastani kila mwaka. Zaidi ya nusu yao walisahauliwa. Karibu robo waliingia garini wenyewe.

Gari hupata joto haraka kiasi gani?

Mwanga wa jua hupita kwenye vioo na kupasha moto viti na dashibodi, kisha joto hilo hukosa pa kutokea. Ikiwa nje ni nyuzi 30 za Selsiasi, ndani ya gari huweza kufika nyuzi 40 kwa dakika 10 tu, na karibu nyuzi 50 baada ya nusu saa. Kushusha vioo kidogo hakusaidii sana. Kivuli nacho huhama.

Mwili wa mtoto mdogo hupata joto mara tatu hadi tano haraka kuliko wa mtu mzima. Joto la mwili likifika nyuzi 40, mtoto hupata kiharusi cha joto: ubongo, moyo, ini na figo huanza kuharibika.

Kwa nini mzazi husahau?

Ubongo hufanya mambo ya kila siku kwa mazoea. Tuseme baba ambaye huenda kazini moja kwa moja, leo ameombwa kumpeleka mtoto chekechea. Mtoto amelala kimya kiti cha nyuma, na baba hakulala vizuri usiku. Mazoea humpeleka hadi kazini, naye huamini kabisa kwamba mtoto ameshafikishwa. Upendo peke yake hauzuii hali hii. Kinachoizuia ni utaratibu unaofuatwa kila siku.

Ufanye nini ili kumkinga mtoto?

- Kila unaposhuka, fungua mlango wa nyuma na uangalie viti vyote, hata kama unajua hukuwa na mtoto.
- Weka simu, mkoba au kiatu chako kimoja kiti cha nyuma, karibu na mtoto.
- Kubaliana na mwalimu au mlezi: mtoto asipofika kwa wakati, akupigie simu mara moja, na usipopatikana ampigie ndugu mwingine.
- Funga milango na buti hata gari likiwa nyumbani, na weka funguo mbali na watoto. Kufuli ya watoto ikiwashwa, mtoto hawezi kufungua mlango wa nyuma kutoka ndani.
- Mtoto akipotea, tazama kwanza kwenye maji kama kuna kisima au bwawa karibu, kisha ndani ya magari yote, pamoja na buti.
- Mfundishe mtoto kupiga honi mfululizo akifungiwa ndani.

Basi la shule nalo lina hatari hiyo. Dereva na matroni wahesabu watoto wanapopanda na wanaposhuka, kisha mmoja wao atembee hadi kiti cha mwisho kabla ya kufunga milango. Japani iliamuru mabasi ya chekechea yafungwe vifaa vya tahadhari kuanzia Aprili 2023, baada ya mtoto kufia ndani ya basi mwaka uliotangulia. Waulize walimu wa mwanao wana utaratibu gani.

Ukimwona mtoto peke yake garini

Usimsubiri mwenye gari. Omba msaada na piga simu ya dharura: 112 Tanzania, 999 au 112 Kenya. Ikiwa mtoto amelegea, anatapika, ana degedege au haitiki, mtoeni haraka. Mkilazimika kuvunja kioo, vunjeni kilicho mbali naye zaidi.

Mpelekeni kivulini, mvueni nguo, mmwagieni maji mwilini na mpepeeni. Asiyejitambua asipewe chochote cha kunywa. Endeleeni kumpoza njiani hadi hospitali, hata akionekana kupata nafuu, kwa sababu madhara ya ndani huweza kujitokeza baadaye.