Panya, Kupe na Papasi: Homa Zinazotoka Ndani ya Nyumba Zetu

Homa ikimshika mtu hapa Pwani, neno la kwanza kinywani ni malaria. Hapo hakuna kosa, kwa kuwa malaria ipo na inaua. Tangu dengue na chikungunya zituzuru, wengi wetu pia tumejua kuuliza kuhusu mbu anayeuma mchana. Lakini kuna homa ambazo hazina uhusiano wowote na mbu. Zinatoka kwa panya wa darini, kwa kupe wa mbwa anayelala barazani na, penye nyumba za udongo, kwa papasi wa kwenye nyufa. Kipimo cha malaria hakizioni. Mgonjwa hupimwa, huambiwa hana malaria, hurudi nyumbani na tembe za maumivu, na siku zinapita.

Makala hii ni ya wakaazi wote wa kaunti, ila tumeiandika tukifikiria zaidi wadi ya Airport na majirani zake wa Port Reitz, Chaani na Changamwe, ambako maghala, yadi za makontena, maegesho ya malori na nyumba za kupanga vimebanana, na panya hupita kutoka kimoja hadi kingine bila kuvuka hata barabara.

Wengine wenu mmesoma kwenye simu kuhusu ugonjwa wa Lyme, au mna jamaa ng'ambo aliyewaambia. Ugonjwa huo ulipata jina kutoka mji wa Lyme, jimbo la Connecticut nchini Marekani, ambako miaka ya 1970 watoto wengi walivimba viungo na madaktari wakaanza kutafuta chanzo. Kupe wa kule huchukua kijidudu cha ugonjwa kutoka kwa panya wadogo wa msituni, na wakikomaa hujilisha kwa wanyama wakubwa wa jamii ya kulungu wanaoingia hadi bustani za watu. Kupe wanaong'ang'ania mbwa zetu hapa Mombasa ni wa jamii nyingine, kwa hiyo akiumwa mtoto na kupe Magongo, Lyme si jambo la kwanza la kuogopa. Yapo mengine ya kwetu.

Papasi, jirani wa zamani

Kijidudu cha Lyme kina ndugu yake wa Afrika Mashariki, na ndugu huyo anabebwa na papasi. Mwaka 1905 daktari Mjerumani Robert Koch aliwachunguza papasi katika iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, yaani Tanganyika ya baadaye, akaonyesha kuwa papasi jike hurithisha kijidudu hadi kwenye mayai yake. Mwaka huohuo, nchini Kongo, daktari Mwingereza Joseph Dutton alifariki akiwa katika kazi ya kuuchunguza ugonjwa huohuo, na kijidudu kikaja kupewa jina lake. Hapa Kenya, katikati ya karne iliyopita, papasi walichunguzwa katika nyumba za Udigo, Taita na Meru.

Papasi hana gamba gumu la mgongoni kama kupe wa ng'ombe au wa mbwa. Ngozi yake ni kama kipande cha ngozi kilichokunjana. Hukaa kwenye nyufa za sakafu na ukuta wa udongo, hutoka usiku, hunyonya damu ya aliyelala kwa muda mfupi na kurudi mafichoni kabla ya alfajiri. Ndiyo maana mtu huumwa naye miaka mingi asimwone. Homa yake hupanda siku chache, hushuka mgonjwa akadhani amepona, kisha hurudi tena baada ya wiki moja hivi.

Nyumba za matofali na saruji zimemfukuza papasi karibu kote mjini. Lakini wengi wetu tuna kwetu kwingine, na likizo ikifika tunalala huko. Ukirudi kutoka nyumba ya sakafu ya udongo ukapata homa inayokuja na kwenda, mwambie daktari ulilala wapi. Na omba damu itazamwe kwa darubini. Kipimo cha haraka cha kidoleni kinatafuta malaria tu, lakini mtaalamu wa maabara akitazama tone la damu lenyewe anaweza kuwaona vijidudu wa papasi wakijinyonganyonga.

Kupe wa mbwa haishi kwa mbwa

Hapa ndipo wengi hupoteza pesa. Mwenye mbwa hununua dawa, humwogesha, kupe wanadondoka, na baada ya wiki tatu wamerudi tele kama hakufanya kitu. Sababu ni kwamba kupe wa kahawia wa mbwa hutumia sehemu kubwa ya maisha yake nje ya mbwa. Hupanda kwa mbwa mara tatu tu: akiwa mchanga, akiwa wa umri wa kati na akiwa mzima. Kila mara akishiba hujiangusha, hutafuta ufa ukutani, chini ya mkeka, nyuma ya kabati au kwenye fremu ya mlango, akajibadilisha ngozi. Jike akishiba mara ya mwisho hutaga mayai kwa maelfu katika ufa mmoja. Kupe wengine huvumilia njaa miezi mingi wakingoja. Joto letu la Mombasa huwafaa sana, na ni kupe wachache duniani wanaoweza kukamilisha uzao mzima ndani ya nyumba kama huyu. Ukiona vitu kama mbegu za ufuta vinapanda ukutani kuelekea dari, ni yeye.

Kwa hiyo mbwa na mahali anapolala hutibiwa siku moja. Mwogeshe au mpake dawa uliyoelekezwa na daktari wa mifugo, halafu siku hiyohiyo choma au fua kwa maji moto matandiko yake, ziba nyufa kwa saruji au plasta, na nyunyiza dawa inayofaa kwenye kuta na pembe. Rudia kama lebo inavyosema, kwa sababu mayai yaliyobaki yataanguliwa. Kama plot ina vyumba sita na mbwa mmoja wa mlinzi, vyumba vyote sita vinahusika. Mpangaji mmoja akipuliza peke yake anawahamishia jirani tu. Tena, dawa nyingi za kupe za mbwa zina permethrin, ambayo ni sumu kwa paka. Usimpake paka dawa ya mbwa hata kidogo, na usiwaache wakalala pamoja kabla mbwa hajakauka. Mkiwa hapo kwa daktari wa mifugo, mpatieni mbwa chanjo ya kichaa ya mwaka.

Kupe huyu anaweza kumpa binadamu homa ambayo vitabu vya tiba viliipa jina la nchi yetu kabisa: taifasi ya kupe ya Kenya. Kwa kawaida huanza kama wiki moja baada ya kuumwa. Kichwa huuma sana, mwili hulegea, vipele hutokea, wakati mwingine hadi viganjani, na mara nyingi pale kupe alipouma panabaki kidonda kidogo chenye gaga jeusi. Gaga hilo linaweza kuwa kwapani, kinenani, nyuma ya sikio au ndani ya nywele za mtoto. Litafuteni. Ugonjwa huu unatibika vizuri kwa dawa ya kuua bakteria ambayo daktari atachagua, na daktari akiliona gaga ataijua homa hata kabla ya majibu ya maabara.

Ukimkuta kupe amejichimbia kwenye ngozi, chukua kibanio cha nyusi, mshike karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu na moja kwa moja bila kumzungusha. Usimchome kwa njiti ya kiberiti, usimpake mafuta ya taa wala Vaseline, na usimpasue kwa kucha. Haya yote humfanya atapike ndani ya kidonda au yakuache na damu yake kidoleni. Osha kwa sabuni. Andika tarehe.

Panya na maji ya mvua

Mnamo Julai 2022 Wizara ya Afya ya Tanzania ilitangaza ugonjwa uliowatatiza watu wa mkoa wa Lindi, kusini kwa pwani yetu hii hii. Wagonjwa walikuwa na homa, kichwa, uchovu, na wengine walitokwa na damu puani. Waliougua walikuwa 20, na 3 walifariki. Vipimo vya Ebola na Marburg havikuona kitu. Ilikuwa leptospirosisi, ambayo kule huitwa homa ya mgunda. Kenya nayo iliwahi kuupata, katika shule za Bungoma mwaka 2004.

Kijidudu chake kiko kwenye mkojo wa panya, na wa wanyama wengine pia kama ng'ombe, nguruwe na mbwa. Panya mwenyewe haugui. Hukojoa tu kila anapopita. Mkojo ukikauka juani, kijidudu hufa upesi. Ukiingia kwenye maji yaliyotuama au tope, kinaweza kuishi wiki kadhaa, kikingoja mguu wenye mkwaruzo, jicho au mdomo. Ndiyo sababu hatari hupanda wakati wa masika na vuli, mitaro inapofurika na watoto wanaogelea kwenye dimbwi mbele ya nyumba. Vijana wanaozibua mitaro, mafundi wa gereji na wanaopakua magunia wavae viatu vya mpira na glavu, na wafunike vidonda. Dalili hutokea kati ya siku 2 na 30 baadaye. Macho kuwa mekundu na misuli ya ndama kuuma kama umepigwa ni ishara ya kuzingatia. Macho kuwa manjano na mkojo kupungua ni dharura, maana ini na figo zimeguswa.

Sasa, panya wenyewe. Panya mweusi wa darini hupanda waya na mabomba; yule mkubwa wa mtaroni huchimba. Jike hubeba mimba kama wiki tatu tu, huzaa sita, saba au nane, na ndani ya miezi mitatu hivi wale watoto nao wanazaa. Fanya hesabu mwenyewe. Kuua panya kumi huku chakula kikiwa kimelala wazi ni kuwapunguzia wenzao foleni.

Anza na chakula. Sufuria ya mbaazi iliyofunikwa kwa sinia haimzuii panya. Ndoo yenye kifuniko cha kubana inamzuia. Chakula cha kuku kisilale nje. Sahani ya mbwa iondolewe magharibi. Taka zifungwe, na zisitolewe usiku kungoja gari la asubuhi. Kisha matundu: panya mdogo hupita penye upana wa penseli, mkubwa penye upana wa kidole gumba. Ziba kwa saruji iliyochanganywa vipande vya chupa au wavu wa chuma, si kwa matambara. Kwa wenye maghala ya vyakula hili si ombi: Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inataka majengo hayo yajengwe kwa namna ya kuzuia panya wasiingie.

Jaa la taka lililo karibu na uwanja wa ndege lina shida ya ziada. Huwaita kunguru na mwewe, na ndege hao wakikutana na ndege zinazotua Moi, hasara si ya panya tena.

Paka husaidia kwa panya wadogo, lakini panya mkubwa wa mtaroni paka wengi humpisha njia. Soko la Kongowea lina paka tele, na panya bado wapo. Bundi ndiye mwindaji hasa, ingawa wengi wetu tunamwona nuksi na kumtupia mawe.

Kuhusu sumu, wote tunamjua mchuuzi wa kipaza sauti anayetangaza dawa ya panya, mende na kunguni. Pakiti isiyo na lebo usiinunue. Huwezi kujua kama ndani mna sumu ya shambani inayoua mtu kwa dakika chache. Tafuta namba ya usajili ya PCPB, bodi ya taifa inayosimamia dawa za wadudu. Sumu nyingi zilizosajiliwa huzuia damu kuganda na huua baada ya siku kadhaa, hivyo usiongeze kipimo kwa kuwa asubuhi hukuona mzoga. Iweke ndani ya kisanduku ambacho mkono wa mtoto haufiki, na mzoga uzikwe. Paka au bundi akiula naye anaweza kufa. Mtoto akimeza sumu, usimpe maziwa wala usimtapishe. Kimbia naye hospitali, pakiti ikiwa mkononi.

Kinyesi cha panya kisifagiwe kikavu. Mwagia maji yenye Jik, sehemu moja kwa tisa za maji, subiri dakika tano, pangusa ukiwa na glavu.

Mkienda kliniki

Homa ikizidi siku mbili na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, usiridhike kununua antibiotiki dukani. Nenda Port Reitz au kituo kilicho karibu, na kabla hujaondoka chumbani mwa daktari sema haya hata kama hujaulizwa: kama umekanyaga maji ya mafuriko mwezi huu, kama kuna panya unapolala au unapofanya kazi, kama umeng'oa kupe na lini, na kama ulisafiri. Panya au kupe wakizidi nguvu za plot yenu, mpelekeeni habari mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu au afisa wa afya ya umma katika ofisi ya kaunti ndogo ya Changamwe. Mwende wapangaji na mwenye nyumba pamoja, mkiwa mmeshakubaliana siku ya kusafisha vyumba vyote.