"Invalid MMI code": Simu Inakuambia Nini, na Pesa Yako Iko Wapi?

Umepiga kodi ya kulipa, ukasubiri kidogo, halafu simu ikakuletea: "Connection problem or invalid MMI code." Foleni iko nyuma yako, mwenye duka anakuangalia. Pesa imeenda ama haijaenda?

MMI ni kifupi cha Man-Machine Interface, yaani njia ya mtu kuongea na mashine. Ndizo zile kodi zinazoanza kwa * na kuishia kwa #. Ujumbe huo unatoka kwa simu yako ya Android yenyewe, si kwa kampuni ya malipo. Shida yake ni kuunganisha mambo mawili: ama mtandao umesumbua, ama kodi uliyopiga haitambuliki. Kama simu yako ni ya laini mbili, huenda pia umepigia laini isiyo na huduma hiyo.

Sasa jiulize ulikuwa umefika wapi. Kama ujumbe ulikuja mara tu ulipopiga kodi, kabla ya kuweka PIN, malipo hayakuwa yameanza. Kagua kodi na laini, songa mahali penye mtandao, jaribu tena. Lakini kama ulikuwa ushaweka PIN, tulia kwanza. Ombi lako linaweza kuwa limefika salama, na jibu ndilo lililopotea njiani. Ukirudia haraka haraka unaweza kulipa mara mbili. Subiri SMS, kisha angalia salio au taarifa ya akaunti kabla ya kutuma tena. Mwenye duka naye aangalie simu yake.

Watu wa kompyuta wanaijua shida hii vizuri. Kuna programu ya zamani ya kuhariri maandishi kwenye Unix, inaitwa ed: ukikosea amri, inakujibu kwa alama moja tu, "?". Basi! Git ya siku hizi, ukiandika "comit", inakuambia haina amri hiyo, kisha inakupendekezea "commit".

Kwa malipo, "Transaction failed" haitoshi. Skrini moja ya USSD hubeba herufi 182 pekee, na hizo zinatosha kusema: "Hatujatuma KSh 2,000. Salio lako halijaguswa. Namba ya till haipo. Iangalie ujaribu tena." Na pale mfumo wenyewe haujajua, useme hivyo: "Bado hatujathibitisha malipo yako. Usitume tena. Subiri SMS." Mimi naona huo wa pili ndio mgumu kuandika, maana hakuna kampuni inayopenda kumwambia mteja haijui pesa yake iko wapi.

Ukipigia huduma kwa wateja, usiseme tu "imekataa". Wasomee ujumbe neno kwa neno, uwaambie saa, kiasi, na kama ulikuwa umeshaweka PIN. PIN yenyewe usimpe mtu, hata yule anayesema anapiga kutoka kwetu.