Utando uliokaza na kimelea cha malaria

Mtoto wa Kasansa, katika bonde la Rukwa, akitobolewa kidole zahanatini, kipimo cha haraka hujibu swali moja tu: malaria ipo au haipo. Hakisemi kwa nini mmoja huugua siku mbili akapona, na mwenzake, aliyeumwa na mbu walewale wa majaruba ya mpunga ya bonde hilo, akaishia kuongezewa damu. Sehemu ya jibu imo katika fizikia ya utando wa seli nyekundu ya damu, ambayo kimelea cha malaria huivamia.

Utando wa seli nyekundu ya damu ni tabaka mbili za mafuta, zenye unene wa takriban nanomita 5, zilizoshikizwa kwenye wavu wa protini. Hautulii hata kidogo. Joto huzisukuma molekuli zake muda wote, na kwenye hadubini ukingo wa seli huonekana ukitetemeka. Kamera hunasa mtetemo huo; programu ya kompyuta huufuata ukingo picha kwa picha, kisha huuchambua kuwa mawimbi marefu na mafupi. Kwa milinganyo iliyojengwa juu ya kazi ya Wolfgang Helfrich, mwanafizikia Mjerumani, ya mwaka 1973, mawimbi marefu hutoa habari za mkazo wa utando, na mafupi habari za ugumu wake wa kupinda. Seli yenyewe haiguswi.

Vipimo hivyo vilifanywa kwenye damu ya watoto wa Kilifi, pwani ya Kenya. Silvia Kariuki wa mpango wa utafiti wa KEMRI-Wellcome na wenzake, wakiwemo wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Cambridge, walichapisha matokeo mwaka 2020. Ilikwishajulikana kwamba kundi la damu liitwalo Dantu hupunguza hatari ya malaria kali kwa takriban asilimia 40. Sasa sababu ikaonekana: utando wa seli za Dantu umekaza zaidi, kama ngozi ya ngoma iliyowambwa vizuri. Ili kuingia ndani ya seli, kimelea lazima kiukunje utando; mkazo ukizidi kiwango fulani, kinashindwa.

Kwangu, uzito wa ugunduzi huu uko hapa: kanuni hiyohiyo inafanya kazi hata kwa asiye na Dantu. Katika damu ya kila mtu zimo seli zilizokaza na zilizolegea, na zilizokaza huponyoka. Mwenye Dantu anazo nyingi zaidi.

Ndiyo maana dawa ya kukaza utando inafikirika. Lakini seli hiyo, yenye upana wa mikromita 7 hadi 8, hupita kwenye mishipa myembamba kuliko yenyewe, na ikikaza mno itakwama. Hapo ndipo kompyuta inapohitajika: kukokotoa mkazo unaozuia kimelea huku damu ikiendelea kupita.