Mpira wa Kulishia Mgonjwa Nyumbani: Namna Unavyochaguliwa na Kutumiwa kwa Usalama

Mgonjwa wa kiharusi aliyeshindwa kumeza, au mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayepaliwa kila anaponyweshwa, huweza kuruhusiwa kutoka hospitalini akiwa na mpira mwembamba uliopitishwa puani hadi tumboni. Mpira huwekwa na daktari au muuguzi; lakini mgonjwa akishafika Sepuka, Mgungira au Issuna, anayemlisha ni mke, binti au mkwe. Kazi iliyofanywa wodini na mtu aliyeisomea hubaki mikononi mwa mtu aliyeonyeshwa mara moja, pengine kwa haraka siku ile ya kuondoka. Ndugu wa mgonjwa asione haya kuomba alishe mwenyewe mbele ya muuguzi, walau milo miwili, kabla ya safari ya kurudi nyumbani.

Koo la mtu mwenye afya hujilinda: tone likikosea njia, kikohozi hulitoa. Mpira haukohoi. Ncha yake ikipanda kutoka tumboni, au ikiingia katika njia ya hewa, kila kinachomiminwa hufuata huko huko, na uji ulioingia mapafuni huleta nimonia inayoweza kuua. Mgonjwa wa kiharusi naye mara nyingi hana nguvu ya kukohoa wala kauli ya kulalamika.

Kwa hiyo, kabla ya kila mlo, mlishaji hutazama alama. Siku mpira unapowekwa, sehemu inayotokea kwenye tundu la pua hutiwa alama ya wino au plasta, na urefu wake huandikwa. Alama ikiwa imesogea, plasta ikiwa imebanduka, au mpira ukionekana umejikunja mdomoni, mgonjwa halishwi. Pale palipo na karatasi za kupimia asidi, majimaji kidogo huvutwa kutoka kwenye mpira na kudondoshewa karatasi. Kipimo cha 5.5 au chini yake huonyesha kwamba ncha iko tumboni. Desturi ya kupuliza hewa na kusikiliza mlio tumboni, ingawa bado inafundishwa mahali pengi, haiaminiki, kwa kuwa mlio huo huweza kusikika hata ncha ikiwa mahali pasipofaa.

Ukubwa wa mpira huandikwa kwa namba ikifuatiwa na herufi Fr, na kila namba ni theluthi moja ya milimita ya unene. Fr 12 ni milimita 4. Watoto wadogo huwekewa namba 6 hadi 8, na watu wazima mara nyingi 12 hadi 16. Mpira mwembamba haumsumbui sana mgonjwa puani, lakini huziba upesi kwa vyakula vya nyumbani, na hilo lafaa kuzungumzwa na daktari mapema. Mipira ya plastiki ya kawaida huanza kukakamaa, hivyo hubadilishwa baada ya siku 7 hadi 10 hivi. Ya silikoni hudumu kwa wiki kadhaa, nayo bei yake ni kubwa zaidi. Mnunuzi atazame tarehe ya mwisho wa matumizi na pakiti isiyopasuka, na anunue kwenye duka lililosajiliwa. Pamoja na mpira huhitajika bomba la sindano la mililita 50 au 60 lisilo na sindano, lenye mdomo unaoingia sawasawa kwenye mpira.

Chakula ndicho kinachowashinda wengi. Uji mzito wa uwele au mtama, ambao ndio fahari ya nyumba nyingi za Singida, haupiti. Ukiongezwa maji hadi upite, mgonjwa hushiba maji na kukonda. Kimea husaidia hapa: kijiko cha unga wa ulezi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa, kikitiwa katika uji mzito uliopoa kiasi, huufanya uwe mwepesi bila kuupunguzia nguvu. Wataalamu wa lishe nchini walihimiza njia hiyo kwa uji wa watoto tangu miaka ya 1980. Baada ya hapo uji huchemshwa tena kidogo, huongezwa maziwa na kijiko cha mafuta ya alizeti, huchujwa kwa chujio safi, na kutumiwa ukiwa vuguvugu. Kiasi cha kila mlo hupangwa na daktari au afisa lishe. Kinachofaa kwa mtu mzima huweza kumdhuru mtoto.

Wakati wa kulisha, mgonjwa huketishwa au huinuliwa kichwa na kifua kwa mito, na hubaki hivyo kwa muda wa nusu saa hadi saa nzima baada ya mlo. Bomba hutumiwa kama faneli: kile kipande cha kusukumia hutolewa, na uji huachwa ushuke wenyewe. Kusukuma kwa nguvu huleta kutapika, na matapishi nayo hurudi mapafuni. Mpira husafishwa kwa maji yaliyochemshwa na kupoa kabla na baada ya mlo, takribani mililita 30 kwa mtu mzima. Dawa hupondwa moja moja na kupitishwa peke yake kwa maji, wala hazichanganywi na uji. Zipo ambazo hazipaswi kupondwa kabisa, na mfamasia ndiye wa kuulizwa. Mdomo usiotafuna nao husafishwa kila siku.

Mgonjwa akikohoa, akibadilika rangi au akihema kwa shida, ulishaji husimamishwa papo hapo na mgonjwa hupelekwa kituoni. Mpira wa puani ukichomoka, usirudishwe na mtu wa nyumbani. Mgonjwa apelekwe kituo cha afya au hospitali iliyo karibu, pamoja na karatasi yenye namba na urefu wa mpira. Mwenye mpira uliopitishwa kwenye ngozi ya tumbo hana muda wa kusubiri gari la kesho, kwa sababu tundu hilo huweza kuanza kuziba ndani ya saa chache.